Chepe Hajui

Kaka mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wakazi wote wa Mji wa Kware, natangaza rasmi kwamba mbuzi wa Liwali amepatikana. Alikuwa juu ya paa la ghala la chumvi, anatafuna kilemba cha Liwali mwenyewe. Uliondoka kesi yake haijaisha, nikaona si haki ubaki huko bila kujua.

Watu wakiniuliza ule mchezo wetu ulikuwa mchezo gani, nashindwa kueleza. Hauna picha, hauna mpira wala bunduki. Ni maandishi matupu kwenye simu: unaandika mtu wako anachofanya na anachosema, wenzako popote walipo wanasoma, nao wanajibu kama watu wao. Wewe ulikuwa Fundi Sururu, mhunzi mwenye hasira za karibu. Mimi nilikuwa Chepe, bawabu wa lango, mvivu, mwoga wa mbwa, mlalamikaji wa magoti. Ulisema nimechagua vizuri, maana sitahitaji kuigiza.

Ila sheria yako ilikuwa kali kuliko ya mahakama. Ukishaingia Kware, wewe hupo. Humo hakuna wewe Hamisi wala mimi Shabani, hakuna Kariakoo, hakuna bei ya mchele. Siku ile mchezaji mmoja mgeni aliaga kwamba umeme umekatika, Sururu akatazama juu: "Umeme? Radi itoke wapi na wingu halipo?" Nilicheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye, akaniachia zipu zangu mezani.

Na lile la kisima. Tumekaa dukani kwetu, upande wako vioo na betri za simu, upande wangu zipu na vifungo, mdomo umekujaa wali, ukaniambia, "Leo jioni Sururu anamtupa Chepe kisimani."

Nikasema, "Basi siendi kisimani."

Ukaniangalia kama nimekutukana. "Wewe unajua. Chepe hajui."

Ikabidi jioni nimtembeze bawabu wangu kwa miguu yake mwenyewe, anapiga mluzi, mpaka ukingoni mwa kisima. Shemeji Zuhura, mkeo, alikuwa anakusanya sahani wakati ule tunabishana. "Wanaume wazima, ndevu zina mvi, mnatupana visimani! Nani atawafulia?" Lakini alikuwa anasikiliza. Miaka yote ile alisikiliza, nasi tukidhani anasubiri tu vyombo vyake. Jioni ukinogewa na mchezo ulimwandikia maneno yale yale: "Usinisubiri kula." Naye alisubiri.

Halafu ukaugua, na hukuugua muda mrefu.

Baada ya arobaini ndipo nikapata moyo wa kurudi Kware. Unajua desturi ya kule: mtu akitoka mchezoni bila kupita langoni, mtu wake hubaki pale pale, amelala. Nikasoma: Fundi Sururu amelala hapa, karibu na tanuru. Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya mtaa, mchukuzi na mkokoteni wake nyuma yangu anapiga kelele, "Mzee, pisha! Barua ya mapenzi kasomee kwako!"

Wenzetu walishanipa pole kwa simu, kwa majina yao halisi. Humo ndani hakuna aliyeweza kutamka neno, maana watu wao hawajui. Walipita kando yako taratibu. Bi Tatu muuza uji alikufunika shuka, akasema tu, "Fundi atapata baridi." Na Chepe, mjinga yule, kila jioni alikuja kukaa ubavuni pako. "Fundi, bado tu? Jembe langu lini?"

Sikumzuia. Mimi nimefiwa, kaka. Chepe hajafiwa. Nilikuwa naenda kupumzika kwake. Huku nje nikisikia nyundo za wahunzi wa mtaa wa Gerezani nageuka, na kiti chako nakizunguka kama kina mtu.

Kisha mwenye mchezo akaniandikia, kwa adabu, kwamba mji unahitaji mhunzi; Sururu itabidi afutwe, au niandike mwisho wake mimi ndugu yake. Nikamwomba asubiri. Nikamsimulia Zuhura.

"Asubiri nini, shemeji?" akaniuliza.

Nilimwambia kuna mteja. Hapakuwa na mteja. Nilichokuwa nakijua ni kwamba Sururu akifutwa, hata Chepe itabidi aambiwe, na hapo hatabaki mtu asiyejua.

Sasa mji mzima unasema Sururu aliamka mwenyewe. Wapo wanaosema neno lako la siri limeibwa. Mmoja kaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mzimu. Wewe nikueleze ilivyokuwa.

Ilikuwa alasiri ya mvua, biashara hakuna. Zuhura siku hizi anakaa upande wako, na kati yetu zipu zinaning'inia kama pazia. Chepe alikuwa pale pale kando ya tanuru. Mara yakatokea maandishi: Fundi Sururu ameamka.

Nikasoma mara ya pili.

"Bawabu," Sururu akasema.

Simu yako, kaka, bado inakukumbuka. Haiulizi neno la siri. Nyuma ya zipu nikasikia mtu anavuta kamasi polepole, nikajua. Ningeweza kusema, "Shemeji, acha." Lakini mimi ndiye niliyejua. Chepe hajui.

Basi Chepe akaruka kwa furaha. "Umelala sana, fundi! Jembe langu limeshika kutu."

"Nilichoka. Nifungulie lango."

Kware hakuna anayeondoka moja kwa moja ila kwa kupita langoni kwa miguu yake, na ufunguo anao bawabu. Chepe akainuka, akalalamikia magoti kama kawaida yake, akatembea na wewe njia nzima, akafungua. Kisha akauliza, kwa sababu kweli hajui: "Utarudi lini?"

Nilisubiri. Mvua ilikuwa inapiga bati. Jibu likaja herufi ndogo tupu, halina hata nukta:

usinisubiri kula

Fundi Sururu ametoka langoni.

Hatukugeuka, si mimi wala yeye. Baada ya muda mkono ulipita katikati ya zipu, umeshika kikombe cha chai, nikakipokea. Kule Kware, lango Chepe hajalifunga mpaka leo. Nimemwacha.

Lala salama, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
yule anayejua.