Kipanya cha Kila Mkono

Jumatatu, 10 Februari

Timu yetu ya mchezo wa kompyuta imepata mdhamini! Nurisol, watengenezaji wa vipanya vya kompyuta. Meneja Seol aliingia na maboksi kama baba aliyetoka safari na zawadi. Makofi, picha, vigelegele. Kila mchezaji na kipanya chake cheusi kinachong'aa.

Nikafungua changu. Mgongo umekatwa kufuata kiganja cha mkono wa kulia. Vitufe vya pembeni viko upande wa kushoto tu, pale linapokaa gumba la mtu wa kulia. Nikakishika kwa mkono wangu wa kushoto. Kama kuvaa kiatu cha mguu mwingine.

"Kocha," nikasema, "mimi mashoto."

Kocha Noh akanitazama kana kwamba nimemwambia nina mafua. "Utazoea, Bo-ram."

Na huyu ndiye aliyenisajili kwa ajili ya mkono huu huu! Mimi ndiye mlengaji wa timu. Adui akichungulia dirishani, kazi ya kumdondosha ni yangu. Sasa nizoee. Kipanya changu cha zamani kinakata roho — nabonyeza mara moja, kinasikia mara mbili. Na hakitengenezwi tena. Cha kushoto hakiuziki, ndivyo wanavyosema.

Haya.

Jumatano, 12 Februari

Mechi ya mazoezi, kipanya cha Nurisol. Aibu tupu.

Gumba langu linaangukia upande wa kulia wa kipanya, na huko hakuna kitu, ukuta mtupu. Vitufe viko upande wa pili, chini ya kidole changu cha pete, ambacho hakina akili. Kila nikikaza mkono kulenga, kinabonyeza chenyewe. Nimerusha bomu katikati ya timu yangu mwenyewe. Wote chali. Wapinzani wakaandika "asante" kwenye skrini.

Wenzangu wamecheka mpaka machozi. Da-on, mchezaji wetu wa akiba, ndiye aliyecheka kwa adabu kuliko wote, mkono mdomoni.

"Dada, samahani, vijiti vya kulia chakula unashika kwa mkono gani?"

"Kulia."

"Si unaona? Kumbe unaweza!"

Ninaweza kwa sababu bibi alikuwa ananipiga vidole mezani, mpumbavu wewe. Sikusema. Nilisema, "Chakula hakikimbii, Da-on."

Jumamosi, 15 Februari

Yongsan, soko la kompyuta, na Hyeon-seo. Yeye ni kapteni wetu, na kabla ya ukapteni alikuwa jirani yangu kule Iksan. Tulijifunza huu mchezo viti viwili vilivyopakana, mimi kushoto yeye kulia, viwiko havigongani. Amejitolea mwenyewe kunisindikiza. "Tukitafute hadi tukipate," akasema.

Duka la kwanza: "Kwa mkono wa kushoto? Hapana, dada." Muuzaji hata kichwa hakuinua.

La pili, mzee mmoja mwenye koti la kuvimba akatoa boksi limeandikwa kwa majivuno: cha mikono yote. Nikageuza. Vitufe vya pembeni upande mmoja. Ule ule.

"Mzee, hiki ni cha kulia."

"Umbo ni la mikono yote. Vitufe ndivyo vya kulia."

"Sasa mikono yote iko wapi?"

"Mteja wangu, mimi nauza tu. Mkono ni wako."

Hyeon-seo akacheka hadi akashika kaunta. Na mimi pia, lazima nikiri.

Mwisho tulipata viwili vya kuchagua. Cha kwanza chepesi kama ganda la yai, sawa pande zote, lakini hakina kitufe hata kimoja cha pembeni. Haki kwa wote: wote wamenyimwa! Cha pili kina vitufe kulia na kushoto, vyote vinafanya kazi, ila kipana, kizito, cha mtumba, na waya wake umevimba mahali. Mimi nashika kwa ncha za vidole, kiganja juu juu. Kipanya kipana kinanitanua mkono kama chura. Nilikaa pale nikivisukuma juu ya kaunta, hiki, kile, hiki, mpaka mzee akaenda kunywa chai yake.

Nimechukua kizito. Bila vitufe siwezi kurusha bomu na kulenga kwa wakati mmoja. Mwendo nitaurekebisha. Gumba haliwezi kubonyeza hewa.

"Nembo yake tutaiziba kwa utepe mweusi," Hyeon-seo akasema. "Nurisol hawatajua. Kwa kocha niachie mimi."

Kwenye treni alilala begani kwangu. Nilikuwa na furaha. Naandika ili nikumbuke kwamba nilikuwa nayo.

Jumapili, 16 Februari

Hakuna aliyebaki hai mbele yangu leo. Hakuna! Kizito, kibaya, na ni changu.

Jumanne, 18 Februari

Wamejua. Meneja Seol ameniita ofisini, utepe mweusi umebanduliwa, umelala mezani kama ushahidi wa mahakamani. Nikaanza kuomba radhi, kichwa chini, maneno yote ya adabu ninayoyajua.

Akanikatiza. "Kumbe mashoto! Kwa nini hukuniambia?"

Nilimwambia kocha mbele yake. Haya.

Kumbe Nurisol wanatoa kipanya kipya mwezi huu. Kipanya cha mikono yote. Jina lake: Kila Mkono. Na walikuwa wanatafuta uso wa kukitangaza. Mchezaji wa kweli, mashoto wa kweli, mwanamke ikiwezekana. Meneja alikuwa anazunguka chumba akizungumza kwa mikono. Mabango! Jukwaa! Na wachezaji wote wa kushoto wa nchi hii, ambao hakuna aliyewahi kuwakumbuka!

Nimetoka nimelowa macho. Mimi! Nimempigia mama saluni kwake, nikamkuta katikati ya kumkata mtu. "Sema haraka," akasema, halafu, "Kwa kushoto? Kweli?" Nilisikia mkasi umesimama.

Alhamisi, 20 Februari

Kimefika. Kizuri, jamani. Cheupe, chembamba, kinakaa kwenye vidole kama kilinisubiri. Vitufe kulia, vitufe kushoto. Nikafungua mchezo, nikaweka gumba, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Hakizami. Nikachukua ukucha. Si kitufe. Ni plastiki imechongwa ikafanana na kitufe, kipande kimoja na ukuta.

Vya kushoto vinafanya kazi vizuri sana.

Nikadhani ni kibovu. Nikapiga simu Nurisol, bwana mmoja anaitwa Pyo, sauti ya upole. "Hapana, si kibovu, ndivyo vitakavyotoka. Vya kulia ni vya mwonekano. Ili kipendeze pande zote."

"Lakini mmekiita Kila Mkono."

"Kila mkono unaweza kukishika, dada."

Ijumaa, 21 Februari

Nimewaambia wote mezani, mchana, kila mtu na bakuli lake la tambi. Nimekizungusha kipanya. Wamebonyeza. Wameona.

Kocha Noh: "Ni tangazo tu, Bo-ram."

"Naambiwa nikichezee kwenye mechi za mchujo pia."

"Ndiyo. Uso wa bidhaa utaonekana na bidhaa nyingine?"

"Basi nitachezaje?"

"Utazoea."

Nikamgeukia Hyeon-seo. Alikuwa anatenganisha tambi moja moja kwa vijiti, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayetegua bomu. Nikauliza, bila kujua kwa nini nauliza, nani aliyemwambia meneja habari ya utepe.

Meza nzima ikamtazama yeye. Hapo nikajua.

Alinifuata ngazini. "Wangekuacha, Bo-ram. Kocha alishataka Da-on aingie nafasi yako tangu lile bomu. Nikawaambia una thamani nyingine. Nilikuwa nakuokoa."

"Ulijua kuhusu vitufe?"

"Nilijua kipo kipanya."

"Sikukuuliza hivyo."

Akaangalia viatu vyake. Kapteni wetu! Mtu anayetupigia kelele masikioni tukichelewa nusu sekunde, leo anahesabu kamba za viatu.

Jumapili, 23 Februari

Iksan, kwa mama. Saluni imefungwa Jumapili, tukakaa humo humo kwenye viti vya wateja, tukala wali wa kuviringisha kwa mwani, redio chini chini.

Nimemweleza yote. Nilitaka awatukane. Mama yangu akimtukana mtu, mtu huyo anahama mtaa.

Badala yake akasema, "Mimi nimekata nywele maisha yangu yote kwa mkasi wa kulia, na mimi ni mashoto kama wewe. Walimu walinigeuza. Nilizoea."

"Basi na mimi nizoee?"

Akanipa mkono wake wa kulia. Shina la gumba limevimba, gumu kama kokwa. Halifungi tena vizuri. Nimekuwa nikiuona mkono huu tangu nizaliwe, na sikuwahi kuuliza.

"Kila jioni nauloweka kwenye maji ya moto," akasema. "Ndiko kuzoea huko. Kula, wali unapoa."

Jumatatu, 24 Februari

Mazoezi ya mwisho kabla ya orodha ya mchujo. Nimetumia Kila Mkono. Bomu nimelihamishia kwenye kibodi, kwa hiyo kila nikilirusha lazima mkono wa kulia uache vitufe vya kutembea. Nasimama. Mlengaji aliyesimama ni mlengaji aliyekufa.

Tumepoteza mechi zote.

Orodha imebandikwa mlangoni. Da-on anaanza. Mimi benchi.

Nikaenda kwa kocha. "Niruhusu nitumie kile kizito cha Yongsan, mechi moja tu."

"Siwezi. Mkataba."

"Basi nitoeni kwenye tangazo."

"Bo-ram, usilie. Uso wako unabaki kwenye timu."

"Uso unacheza nafasi gani, kocha?"

Da-on alinipisha koridoni na kuinama chini kabisa, mara mbili. Siwezi hata kumchukia. Hilo nalo linaniuma.

Jumatano, 26 Februari

Naandika chumba cha kusubiria, ukumbi wa uzinduzi. Uso umepakwa poda mpaka siuhisi. Nje wamejaa. Kwenye bango kuna mkono wangu mkubwa kama mlango.

Nimepewa karatasi ya maneno ya kusema. Nasema, "Hatimaye, na sisi." Halafu nabonyeza kitufe cha kulia kwa gumba, na kwenye skrini kubwa bomu linaruka.

Nikamwuliza bwana Pyo, yule wa simu, litarukaje? Akatabasamu. Akanionyesha pazia jeusi nyuma ya jukwaa. Kuna kiti, kibodi imeunganishwa na kompyuta yangu. Nikisema yale maneno tu, mtu wa nyuma atabonyeza.

Mtu wa nyuma ni Hyeon-seo.

Alikuwa ameshakaa. Amevaa jezi ya timu, nembo ya Nurisol kifuani. "Nimeomba niwe mimi," akasema. "Nikasema kama ni lazima mtu afanye, afadhali mtu anayekujua. Sikuoni kutoka hapa, lakini nikisikia 'na sisi', nabonyeza. Hutachelewa hata kidogo."

"Na nisiposema?"

"Bo-ram. Tafadhali." Macho yake mekundu. "Tumetoka mbali."

Nikatoka kwenda kunawa mikono. Pale kwenye sinki kuna mwanamke, koti la posta, begi limening'inia bega la kulia ili mkono wa kushoto ubaki huru. Nilijua kabla hajasema. Akanitambua, akaruka! Anaitwa Gil-ja. Anapanga barua mchana kutwa, akirudi anacheza. Ameomba ruhusa kazini aje. Ameshaagiza Kila Mkono, na kingine cha mdogo wake, naye mashoto.

"Miaka yote nacheza kwa kulia, dada. Nimekuwa mbovu miaka yote! Nilidhani ni mimi." Akacheka. Halafu akashusha sauti, kama anauliza kitu cha aibu: "Vile vya kulia vinabonyezeka kweli? Maana tumeshadanganywa sana sisi."

Maji yalikuwa yanatiririka. Nikamwambia akae mstari wa mbele kabisa.

Nimerudi. Nimemtafuta mtangazaji, kijana mchangamfu mwenye suti ya buluu. Nimemwuliza kama badala ya kubonyeza mimi, naweza kumwita mtu mmoja wa kushoto kutoka mstari wa mbele, aje akae kwenye kiti changu, ajaribu kwa gumba lake mwenyewe. Na yale maneno ya karatasi niyaache, nimpe yeye maikrofoni.

"Wazo zuri mno!" akasema. "Watu watapenda!" Na tayari ameshakwenda kuwaambia wapiga kamera wamsogelee mkono.

Hakumwambia bwana Pyo. Hakumwambia mtu wa nyuma ya pazia, anayesubiri 'na sisi' ndipo abonyeze.

Muziki umeanza. Kupitia upenyo wa mlango namwona Gil-ja amevua koti, amelikunja magotini, anakunja na kukunjua vidole vya kushoto kuvipasha moto. Hyeon-seo amepita sasa hivi, akanigusa bega, akasema, "Niko nyuma yako." Amekwenda kukaa.

Wanataja jina la timu. Wanataja