Nijengee Kibanda Bondeni

Kambi ya mkonge, Pongwe, Tanga

Mke wangu mpenzi, mama Eliza,

Hamjambo huko Ukinga? Mama yangu anaendeleaje na miguu yake? Eliza hajambo? Nimekaa kimya muda mrefu, najua umenuna, na una haki. Mimi si mzima sana, ila naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usianze kulia kabla hujamaliza kusoma.

Tangu masika kifua kinanibana nikikata mkonge. Mnyapara alisema ni uvivu, mpaka nilipoanguka shambani ndipo wakanipeleka hospitali ya mjini. Daktari alinisikiliza moyo, akanibonyeza miguu iliyovimba, kisha akataka nipande na kushuka ngazi, aone moyo unasukuma damu kwa nguvu kiasi gani.

Nawe unatujua sisi manamba. Daktari wa mwisho kunipima alikuwa yule wa siku ya kuandikwa kazi, na siku ile aliyehema alirudishwa kwao. Basi nikabana pumzi, nikapanda huku natabasamu, kifua kinawaka moto. Dresa mmoja anayemsaidia daktari, Mbondei wa makamo, akaniuliza, "Baba, umechoka?"

"Sijachoka hata kidogo."

Akanishika mkono, akanikalisha. "Acha kutudanganya, baba. Hapa haandikwi mtu kazi."

Nililia, mke wangu. Sijui kwa nini maneno yale yaliniuma vile.

Wakanipiga picha ya kifua. Daktari akasema mishipa inayolisha moyo wenyewe imeziba, sehemu ya moyo imekufa, na iliyobaki imetanuka, inasukuma kwa shida. Ni kama ile pampu ya hapa kambini, mpini unapanda na kushuka lakini ndoo haijai. Dawa ya kuurudisha kama zamani hana. Kazi ya shamba basi tena.

Ameniruhusu nirudi nyumbani. Aliniuliza kwetu kukoje. Safari hii sikudanganya, nikamweleza kwamba lori hutuacha mtoni, na nyumba iko juu kabisa mlimani. Akasema, "Mlima huo usiupande tena."

Kwa hiyo mwombe kaka yako anijengee kibanda bondeni, karibu na kivuko. Chumba kimoja kinatosha. Wewe na Eliza mtashuka mnapoweza. Linaloniumiza ni mama. Yeye hawezi kushuka, mimi siwezi kupanda, na miaka yote hii ya Tanga nimekuwa nikiiwaza siku ya kuketi naye jikoni.

Msalimie kaka yako na mkewe, na mchungaji wetu aniombee. Mama mpe shikamoo yangu, umweleze polepole. Mwambie nikishafika, ukungu ukiondoka asubuhi, atoke akae mlangoni. Nami nitatoka nje huko chini bondeni nimevaa shati jeupe, ili anione.

Ni mimi mumeo,
Baba Eliza