Mawaridi ya Uani

Jumatatu, 18 Julai

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Baridi ya kukata masikio. Bomba halijatoa maji, siku ya sita leo. Nimekusanya maji yaliyosuuziwa vyombo, ya kunawia, na yale mama mkwe aliyooshea miguu. Nusu ndoo. Kikopo kimoja kila shina la waridi, kisha maganda ya karanga juu ya udongo usikauke. Mashina kumi na manne. Matumba ni mengi, bado yamefumba.

Mama mkwe ametazama yote akiwa mlangoni. Alikuja Mei kutoka Kibakwe kutibiwa mguu. Kila asubuhi ana swali lile lile: "Hayo mnakula?"

Jumatano, 20 Julai

Nimekwenda kuchukua fomu ya mashindano ya maua kwenye maonyesho ya kilimo. Zamani maua yalikuwa ya vyuo na mashirika tu. Mwaka huu wameongeza kundi la watu binafsi: mawaridi kumi na mawili, rangi moja, vikonyo virefu, lazima uwe umepanda mwenyewe.

Pameandikwa "Kazi". Nikakaa na kalamu. Tangu nipunguzwe kazini mwezi Machi sijajaza karatasi yenye swali hilo. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa naandika "mpiga chapa" bila kufikiri. Nimeandika "mkulima wa maua". Karani akasoma, akacheka kidogo.

Na acheke.

Jumapili, 24 Julai

Tumetoka kanisani na mume wangu, Baba Neema. Tulipofika nyumbani ndipo akasema. Watu wanapanga foleni ya maji na madumu, mke wake ananywesha miiba. Majirani wanaongea. Nikamjibu hakuna tone linalofika kule kabla halijaosha mtu au sufuria. Akasema siyo hoja.

Najua hoja. Yeye ni dereva wa serikali na anaogopa orodha ijayo ya wanaopunguzwa ina jina lake. Anataka tuonekane watu wenye akili. Namwelewa. Hasira imebaki pale pale.

Ijumaa, 29 Julai

Mbuzi.

Nilikwenda kusaga mahindi, nikachelewa kwa sababu mashine ilikuwa na foleni. Nimerudi nimekuta wawili ndani ya uzio. Mashina matano yamebaki vijiti. Mama mkwe alikuwa amelala, mguu ulimsumbua usiku. Sikumlaumu kwa mdomo.

Nimelia nyuma ya choo mahali ambapo haonekani mtu. Kisha nimehesabu. Matumba mazuri kumi na matano. Yanatakiwa kumi na mawili.

Nimekata matawi ya miiba mpaka jua likazama, nimeziba uzio wote. Mikono imechanika. Siachi.

Jumanne, 2 Agosti

Upepo tangu asubuhi. Vumbi jekundu hadi ndani ya chumvi. Tumba moja limevunjika. Yamebaki kumi na manne.

Nilikuwa na bunda la karatasi nyembamba za nakala, nilizopewa siku ya kuondoka ofisini. Nimefunga kila tumba kwa karatasi yake, uzi juu, uzi chini. Baba Neema ameuliza kama maua yanaumwa meno. Nimecheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 4 Agosti

Jioni nimeyachagua. Kesho alfajiri nakata.

Nina hofu. Basi.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimekata kumi na mawili kwa kisu kikali, mshazari, nikayatia kwenye ndoo. Nimeyafikisha kwenye maonyesho yakiwa bado kwenye karatasi zake. Nilipozifungua mezani watu wakasogea. Mekundu, safi, hayana hata chembe ya vumbi.

Saa nne wakaja waamuzi watatu. Mwenyekiti wao, mwanamume aliyevaa tai, akaokota karatasi moja chini, akatazama vikonyo.

"Mama, haya yametoka Arusha. Wanayafunga hivi hivi kwenye mashamba ya kule."

Nikasema nimeyapanda uani kwangu. Akasema kwa upole, upole ule unaouma zaidi, kwamba Dodoma hii, kiangazi hiki, bila maji, waridi haliwi hivi. Akaanza kuandika.

Nikasikia sauti yangu kubwa kuliko nilivyotaka: "Mzee, kabla hujamaliza kuandika, twende ukaone. Ni mwendo wa nusu saa. Ukikuta uongo, nifute mbele ya watu wote."

Wakatazamana. Mwamuzi mdogo kuliko wote, bwana shamba, akasema ana gari.

Tumemkuta mama mkwe uani kwenye mkeka. Wamemwamkia, shikamoo, marahaba. Wakauliza nani analima maua haya. Nikaogopa jibu lake kuliko la mtu yeyote.

"Ni huyu," akasema. "Tangu mwezi wa tano nikiosha miguu, maji yangu hayamwagwi. Anayachukua kama dawa. Mimi nilidhani ana wazimu. Ingieni muone wenyewe."

Bwana shamba alikuwa amebeba ua moja. Akatafuta kwenye mashina, akaweka kikonyo juu ya mkato mbichi. Kwenye shina la tatu kikakaa sawasawa, mshazari kwa mshazari. Mwenyekiti akavua miwani. "Samahani, mama," akasema.

Jumamosi, 6 Agosti

Wa pili. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, mawaridi yake meupe, makubwa kuliko yangu. Nimeyatazama sana. Alistahili. Nimeumia hata hivyo.

Hati yangu wameipiga chapa vibaya, jina la baba limeruka herufi.

Baba Neema alikuja mchana na sare yake ya kazi. Akasimama pembeni ya meza saa nzima. Akawa anamwambia kila aliyepita, "Ya mke wangu hayo. Hapa hapa mjini."

Jumanne, 9 Agosti

Mama mkwe amerudi Kibakwe. Mguu una nafuu. Jana jioni aliniambia, bila kunitazama, "Nikatie vijiti viwili." Nimemkatia vitatu, nikavifunga kwa kitambaa kibichi. Amevilaza kwenye kikapu juu ya kanga zake ili visibanwe.

Nimetoka stendi, nyumba iko kimya. Nimefagia uani. Nimepogoa mashina yote mpaka chini, hata yale ya mbuzi. Mawili yana chipukizi.

Kisha nimekaa kizingitini kwenye jua. Miiba imejaa vidoleni. Sikuwa na haraka ya kuitoa.