Kwa Baba Lackson Chabu, Aliyewatia Nyuki Alama

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tulipokuzika hapa Kafutuma, Septemba ya 1957, baada ya homa ya siku nne. Mkeo Olipa, mama yetu, amekaa karibu nasi tunapoandika, anapasua samaki, masikio ameyatega. Ametuonya tusikusifu kupita kiasi. Tumemjibu kwamba tutasema kweli, na kweli yenyewe ni kwamba Mama aliwaonea wivu nyuki wako.

Ulikuwa mtu mpole. Hukupita mlangoni kwa mgonjwa bila kuingia, na asali ya kwanza ulimpelekea dada yako Jessy kabla hujailamba mwenyewe. Ulikohoa mara mbili kabla ya kubisha hodi, hata nyumbani kwako. Kando ya ziwa hili la Mweru kila mwanamume anajua nyavu. Wewe zilikushinda, ukachekwa, wala hukujali. Halafu mwaka 1954 akaja yule muzungu wa nyuki, akitafuta mtu anayeijua misitu ya vilima vikavu nyuma ya Puta. Ukaenda naye.

Muzungu alitaka kujua nyuki wanakwenda wapi kiangazi, maua yakiisha. Mliweka sahani ya maji ya sukari juu ya jiwe. Nyuki akitua, ulimtia nukta ya rangi mgongoni kwa brashi nyembamba, kisha mkangoja mwone anarudi lini na anaelekea wapi. Walikuwako wale wakubwa wa asali, na wale wadogo wasio na mwiba, wanaofuata jasho mpaka machoni mwa mtu. Nyumbani uliwazungumza wote hata bwali, ugali wetu, ukapoa sahanini.

Mama alivumilia. Desturi yetu ni hiyo: anayekwenda kwenye nyuki haagwi kwa ugomvi, maana nyuki watamlipiza. Kwa hiyo kila Jumatatu alikufungia samaki na mihogo, akakuambia uende salama, na wivu wake akaumeza kama mwiba wa samaki.

Mpaka siku ya shati. Sisi watu wa Mweru tunanuka samaki na moshi, na hatuoni aibu. Shati lako lilirudi linanukia manukato, tena matamu. Mama alilinusa kwapani, akalinusa kwenye kola, akampelekea Jessy naye anuse. Jessy akacheka, na hilo halikusaidia kitu. Kufikia jioni mwanamke mwenye manukato hayo alikuwa tayari na sura kichwani mwa Mama: ana viatu, ana mwanya, anakaa Puta. Jumatatu iliyofuata desturi ikamshinda.

"Ule mwanamuke wako wa Puta, umusalimie," alikuambia mlangoni.

Ukachukua samaki na mihogo yako, ukaondoka. Hujafika hata njia panda, hofu ikamshika Mama. Akifa kwa nyuki, aliwaza, mimi ndiye niliyemuua. Na asipokufa, nitamkamata naye. Mawazo hayo mawili ndiyo yaliyompandisha kwenye lori la samaki hadi Puta, kisha akavikwea vile vilima kwa miguu, jua la utosi.

Alikukuta mzima, peke yako, umepiga magoti mbele ya sahani. Kando yake kilisimama kichupa cha mafuta ya kunukia. Mlidondosha matone mawili kwenye maji ya sukari ili nyuki wapakumbuke mahali pale. Kumbe manukato yalitoka humo. Mwanamke hakuwako. Unadhani Mama alifurahi? Thubutu! Alikuona umemshika nyuki mmoja kwa vidole viwili, umezuia pumzi usimwumize, na wivu ukamrudia upya, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Miaka kumi na minane ya ndoa hukuwahi kumshika hivyo, na alikuambia pale pale.

Wewe, Baba, badala ya kumbembeleza ukaanza kumweleza habari za nyuki. Kwamba wale wakubwa maua yakiisha huhama wote, wakaacha mzinga mtupu. Wale wadogo hawahami. Hubaki kwenye mti wao pamoja na njaa yao.

"Na weye," Mama akauliza, "uko wa aina gani?"

Ulichovya brashi, ukamshika mkono, ukazuia pumzi, ukamtia nukta nyekundu kwenye ukucha wa gumba. Wiki tatu Jessy ndiye aliyemfulia nguo, ile rangi isije ikabanduka.

Kuna jambo la siku ya maziko ambalo hulijui. Kichupa cha rangi kilikuwa bado mfukoni mwa koti lako. Kabla sanduku halijafungwa, Mama alituomba tumpishe. Brashi muzungu alikwisha kuichukua, kwa hiyo alichovya njiti ya kiberiti, akakutia nukta nyekundu kwenye ukucha wa gumba, polepole. Jessy akamwuliza ni ya nini.

"Kule banamuke bako pia," akasema. "Bamuone, bajue iko na mwenyewe."

Tunaokukumbuka ni mkeo Olipa, watoto wako Chilufya na Davison, na dada yako Jessy, anayesema asali ya siku hizi haina ladha. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi.

Mama ameweka kisu chini. Anasema tuongeze neno moja: na weye, huko uliko, usihame.