Vikombe Viwili Mezani kwa Meneja

Shamba la Mkonge, Mwatate
14 Agosti 1959

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Mama na wote hapo Mbololo. Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, tena nina furaha kubwa.

Baba, Wanza amerudishwa kazini! Ni yule mama Mkamba anayeanika nyuzi za mkonge, aliyefukuzwa kwa kuandikisha wenzake katika chama cha wafanyakazi. Tulikuwa tayari kugoma, lakini kijitabu cha sheria za kazi kinataka pande mbili zikae kwanza zizungumze. Basi Jumatatu tukakaa ofisini kwa meneja, mimi nikiwa mkalimani.

Meneja aliingia amenuna. Mzee Mghalu, mwenyekiti wetu, naye alikuwa amefura kwa hasira. Akasema hasira ni hasara, hawezi kuzungumza na moyo wa namna hiyo. Akatia maji kinywani, akayapuliza sakafuni, akiomba hasira imtoke. Alitasa, Baba, vilevile unavyotasa wewe, juu ya sakafu iliyopigwa rangi asubuhi hiyohiyo. Meneja aliruka kitini akidhani ametemewa mate. Akaniuliza huo ni upuuzi gani, nikaona kazi ya Wanza inapotea hivi hivi. Nikamjibu maneno machache, nitakueleza hapa chini.

Meneja akanitazama, akachukua kikombe, akapiga funda, akapuliza. Maji mengine yaliishia kwenye tai yake. Hata Wanza alicheka, na meneja mwenyewe akacheka. Kabla ya saa sita walikuwa wamepatana.

Sasa nikuungamie. Nilimwambia kwamba sheria ndiyo inayotaka hivyo. Nimekisoma kijitabu mara mbili, hakina neno kama hilo. Jumanne akaniomba akisome mwenyewe, nikampa, nikijua neno hilo hataliona. Leo amenirudishia. Hakuuliza kitu, ila aliagiza kikao kijacho niweke maji mezani, vikombe viwili.

Nimefikiri sana, Baba. Sheria ile iliandikwa ili watu wenye hasira waweze kukaa meza moja, na wewe Krismasi iliyopita uliniita nitase nawe kwa jambo hilohilo, nikakataa mbele ya wageni, eti mimi ni mtu wa kanisa. Niliona aibu juu yako. Nisamehe.

Msalimie Mama na dada Tryphena. Nakuja mwisho wa mwezi. Niwekee kikombe changu.

Mwanao,
Obadiah