Linavuta Kulia

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimelegeza tena shokomzoba za nyuma, zile za kupunguza mruko. Mikono inanuka oili mpaka kwenye chakula. Tangu tung'oe kiti cha nyuma, mazulia na bampa zote mbili, gari limekuwa jepesi mno kwa springi zake. Limesimama juu kama liko kwenye jeki. Likipita kwenye matuta, linaruka. Hilo nililitarajia. Ni gari la michezo kuukuu, springi zilitengenezewa uzito wa zamani.

Nisiloelewa ni kuvuta. Wachira, kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye mwenye gari na ndiye dereva. Anasema linamvuta kulia. Mashindano ya magari ya Nanyuki ni mwisho wa mwezi.

Jumatano, 6 Machi
Nimetoa jani moja la chuma kwenye springi ya nyuma, kila upande. Gari limeshuka vizuri. Magurudumu ya mbele nimeyapima kwa uzi kama yamenyooka. Sawasawa. Nikaliendesha hadi Chaka, nikaachilia usukani kwenye tambarare. Likaenda mbele, halikuvuta popote. Nilifurahi sana.

Jioni akaliendesha Wachira. Akarudi amenuna. Ati bado linavuta.

Alhamisi, 7 Machi
Nimehamisha springi za mbele, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Kama kosa lingekuwa la springi, lingehamia upande wa pili. Wachira anasema bado ni kulia. Mimi nikiendesha, hakuna kitu. Gari moja, barabara moja. Najishuku.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nilikaa kando yake. Barabara ya Mukurweini. Kwenye kona gari likahama taratibu hadi upande wa kulia, na lori la maziwa lilikuwa linakuja. Nilishika usukani, nikauvuta. Tulipita pembeni kabisa, majani yakakwaruza mlango.

Akasimamisha. Akasema nimemharibia gari. Yeye ni mkubwa kwangu, nikashuka kuangalia mlango. Lakini nilikasirika. Halafu nikaogopa. Labda ni kweli nimeliharibu.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya kanisa Wachira alikuja kula. Hatukutaja gari. Wangeci, mke wangu, alimpa chai. Akaishika kwa mkono wa kushoto. Kikombe kikainama polepole, chai ikamwagika kwenye suruali. Hakujua mpaka ilipomchoma.

Jikoni Wangeci akaniambia kwamba tangu Krismasi anamwona kaka yake akifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Kwa nini hakuniambia? Kwa nini mimi sikuona? Wiki nzima nimekuwa chini ya gari. Mkono wa kushoto ukichoka, wa kulia unabaki kuning'inia kwenye usukani peke yake. Utavuta wapi kama si kulia?

Au nawaza vibaya. Sijui. Na nikijua, nitamwambiaje?

Jumanne, 12 Machi
Nimemwambia. Alikuja gereji asubuhi, akauliza nimebadilisha nini. Nikasema, "Shemeji, gari ni zima. Hebu nyoosha mikono."

Akanyoosha. Wa kushoto ukaanza kushuka. Aliutazama kama ni wa mtu mwingine. Kisha akaketi juu ya tairi.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka ikuwe ni gari."

Ijumaa, 15 Machi
Tumetoka hospitali. Daktari hajui ni nini, anamtuma Nairobi. Wachira hakuuliza swali hata moja. Mimi niliuliza mengi, na nimerudi sijaelewa hata moja.

Jambo baya: sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi kwamba kazi yangu haikuwa na kosa. Naona aibu.

Jumapili, 24 Machi
Wachira amerudi kutoka Nairobi. Atarudi huko tena. Ugonjwa una jina refu, alijaribu kulitamka akaacha. Amekatazwa kuendesha.

Mchana aliniomba nimpeleke Chaka kwa gari lake. Alikaa kando, dirisha wazi. Tulivuka matuta. Akauliza ninalionaje.

Nikamwambia nyuma bado linaruka kidogo. Ni kweli, linaruka.

Tukasimama pembeni. Akashuka, akaniletea spana ya shokomzoba.