Adabu Iliyoninyima Kadi ya Redio

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Kitaji tu wazima, bibi yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini nilikukatia simu. Nilikasirika, na bado nimekasirika!

Ujanani nilikuwaga nasikiliza redio za mbali. Ukiwaandikia jinsi wanavyosikika, wanakutumia kadi ya kuthibitisha. Mimi nikaandika, "Mnasikika vizuri sana," nikajaza salamu za ukoo mzima. Uongo! Redio ilikuwa inakwaruza mpaka mbwa anabweka. Wakajibu bila kadi: "Sifa hazitusaidii. Tuambie mikwaruzo." Nilifoka wiki nzima, kisha nikaandika ukweli. Kadi ikaja.

Sasa wewe, kila nikikupigia, "Nzuri tu, babu," na huku sauti inalia. Nzuri gani hiyo? Kesho napiga tena. Niambie mikwaruzo.

Babu yako